Unyumba na Ukimya: Uhakiki wa Adabu ya Kumi ya Imam Ghazali na Namna Tunavyoisoma

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyewaumba wanaadamu wawili wawili ili wapate utulivu wao kwa wao, akajaalia baina yao mapenzi na huruma. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuwa mbora wa watu kwa ahali zake, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo. Kitabu cha Ihyaa Uluumid-Diin cha Imam Abu Hamid al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia) kinajulikana na kuheshimiwa katika mwambao wetu wote. Hakuna mwanafunzi wa dini aliyekaa darsani miaka miwili mitatu asiyekisikia kikitajwa. Kitabu hiki kina vitabu 40 ndani yake, na cha 12 kati ya hivyo ni Kitabu cha Adabu za Ndoa. Tumekusudia kukitazama kitabu hicho katika jambo moja tu, ambalo wengi wanalipata majumbani mwao na wachache wanalisema: mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi, mmoja wao au wote wawili hawaridhiki na unyumba wao, na hakuna anayejua pa kuanzia kulisema.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu madhara yake tunayaona. Maimamu na makadhi wanajua kwamba mashauri mengi yanayoletwa kwa jina la nafaka, la maneno makali au la wakwe wasioelewana, ukiyachimba unakuta chini yake kuna kitanda kilichopoa. Mwanamke anadai talaka kwa sababu ya kanga na sukari, na mwanamume anatafuta mke wa pili, au Mungu atuepushe anajiwekea nyumba ndogo, na wote wawili hawajapata kuambiana neno moja la kweli juu ya kiini cha tatizo.

Kitabu kinasema nini

Katika mlango wa tatu wa kitabu hicho, Imam Ghazali anahesabu mambo 12 yanayompasa mume kuyachunga katika kuishi na mkewe. Anaanza na walima, anafuatia wema wa tabia, mizaha na uchangamfu, kisha uongozi, wivu, nafaka, elimu, ugawaji wa zamu kwa mwenye wake zaidi ya mmoja, na namna ya kumrudi mke anapoasi. Adabu ya kumi ni ya tendo la ndoa lenyewe. Mbili za mwisho ni za uzazi na talaka.

Ndani ya adabu hiyo ya kumi, Imam hakuishia kwenye kutaja jina la Mwenyezi Mungu, kujifunika na kutoelekea Qibla. Anataka mume atangulize maneno mazuri na mabusu. Kisha anasema jambo ambalo laiti lingesomwa misikitini mwetu mara kwa mara: mume akishakidhi haja yake amngoje mkewe naye akidhi haja yake. Sababu anayoitoa ni kwamba mwanamke huenda akachelewa, na kumwacha baada ya matamanio yake kuamshwa ni kumuudhi. Anaongeza kuwa tofauti hii, ikiwa mume ndiye anayetangulia kila mara, inazaa kuchukiana.

Tuzingatie uzito wa maneno haya. Mwanachuoni aliyeandika zaidi ya miaka 900 iliyopita anaeleza kwamba chuki inayoingia nyumbani huenda chanzo chake si ulimi wa mke wala ubahili wa mume, bali ni haja iliyoachwa njiani usiku baada ya usiku. Hakumlaumu mwanamke kwa kuwa na haja, wala hakuiita haja hiyo upungufu wa haya. Ameihesabu kuwa ni haki inayochungwa kwa adabu.

Kisha anazungumzia kiasi. Anaona ni uadilifu mume amwendee mkewe mara moja kila siku nne, kwa kuwa idadi ya wake wanaoruhusiwa ni wanne. Lakini hapohapo anasema kiasi hicho kizidi au kipungue kwa kadiri ya haja ya mke katika kuhifadhika na haramu, kwa sababu kumhifadhi ni wajibu juu ya mume. Na anatanguliza jibu kwa mwenye kupinga: hata kama mke hawezi kuthibitisha dai la tendo hili mbele ya hakimu, hilo ni kwa sababu ya ugumu wa kudai na ugumu wa kutekeleza, si kwa sababu haki haipo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, vitabu vinasema kwamba tendo la ndoa ni haki ya mume, naye anaweza kuliacha. Imam Shirazi katika Al-Muhadhdhab anaifananisha haki hiyo na nyumba ya kupanga ambayo mpangaji hakulazimishwa kulala ndani yake, na anasema kinachosukuma tendo hili ni matamanio na mapenzi, mambo ambayo hayawezi kuamrishwa. Mwanafunzi anasoma hapo, anafunga kitabu, na anatoka akiamini kwamba mke hana lake. Hakusoma mstari unaofuata, ambapo Shirazi huyohuyo anasema kinachopendekezwa ni asimwache mke amekaa bure. Wala hakutofautisha baina ya hukumu ya kadhi na hukumu ya mtu na Mola wake. Kadhi hawezi kuingia chumbani kupima, lakini Mwenyezi Mungu anajua.

Madhehebu mengine yalikwenda mbali zaidi. Mahanbali, kama anavyoeleza Ibn Qudama katika Al-Mughni, wamelifanya tendo hili kuwa wajibu juu ya mume angalau mara moja katika kila miezi 4 ikiwa hana udhuru, wakipima kwa muda wa iilaa uliotajwa katika aya ya 226 ya Suratul Baqarah. Malik na wafuasi wake wanatazama madhara: mume akiliacha kwa kumdhuru mke, analazimishwa au wanatenganishwa. Ibn Taymiyya hakuweka muda. Alisema ni kwa kadiri ya haja ya mke na uwezo wa mume, bila ya kudhuru mwili wake wala kumkatisha na maisha yake. Tunapoyaweka maneno haya pamoja na ya Ghazali, tunaona wote wanaelekea mahali pamoja: haja ya mke ni kipimo, si kitu cha ziada.

Mahali panapohitaji kutazamwa upya

Kumheshimu Imam hakutuzuii kukichambua kitabu chake, na wanazuoni waliotutangulia wamefanya hivyo. Tuna mambo matatu.

La kwanza ni Hadithi. Katika adabu hii Imam ametaja riwaya inayomkataza mume kumwangukia mkewe kama mnyama, na kuamrisha awepo mjumbe baina yao, yaani busu na mazungumzo. Riwaya hii inapendwa sana na wahubiri wetu, na utaisikia kila harusi. Lakini Al-Hafidh al-Iraqi (aliyefariki mwaka 806 Hijria), aliyezifuatilia Hadithi za Ihyaa moja baada ya moja, amesema imepokewa na Daylami na kwamba ni munkar. Riwaya nyingine, inayomkataza mume kumharakisha mkewe anapotangulia kumaliza, imepokewa na Abu Yaala kutoka kwa Anas, nayo sanadi yake ina udhaifu. Basi imamu asisimame mimbarini akamnasibishia Mtume (S.A.W.) maneno haya kwa kukata. Maana yake haipotei kwa hilo, kwa sababu ina misingi iliyo imara: amri ya kuishi na wake kwa wema katika aya ya 19 ya Suratun Nisaa, kanuni ya kutodhuru na kutodhuriana, na Hadithi sahihi ya Abu Dharr katika Muslim inayoeleza kwamba mtu ana ujira wa sadaka hata anapokidhi matamanio yake kwa halali. Jambo la kweli halihitaji kuegemezwa kwenye nguzo mbovu.

La pili ni ukimya wa mke. Imam anasema kwamba kuafikiana wakati wa kumaliza kunampendeza zaidi mke, kwa sababu mume anakuwa ameshughulika na nafsi yake, na mke huenda anaona haya. Ameiona haya hiyo na ameieleza kwa upole. Lakini dawa aliyoitoa ni kwamba mume asimtazame, si kwamba wazungumze. Adabu yote ya kumi inamsemesha mume peke yake. Mume aambiwe angoje, lakini angoje hadi lini? Aambiwe azidishe au apunguze kwa haja ya mke, lakini haja hiyo ataijuaje? Kitabu kimemwachia akisie, na mwenye kukisia katika jambo la mwenzake kwa miaka 20 bila kuuliza mara nyingi hukosea kwa miaka 20. Huu ndio upungufu mkubwa wa mlango huu, na ndio ulioingia katika mafundisho yetu bila ya kuonekana.

La tatu ni yale yanayofuata mbele ya kitabu. Imam anapofika kwenye haki za mume juu ya mke, anaifananisha ndoa na aina ya utumwa kwa upande wa mke, na kumtaka atii kila analotakiwa katika nafsi yake maadamu si maasia. Tunajua wanazuoni wa zama zile walitumia mfano huu kueleza uzito wa mkataba, na kwamba baadhi yao waliutumia kumwonya baba asimwoze binti yake kwa mtu mbaya. Hata hivyo, mfano huu ukisomwa peke yake unaiua adabu ya kumi. Mtumwa hamwambii bwana wake kwamba hakuridhika. Aya ya 187 ya Suratul Baqarah imechagua mfano mwingine: kila mmoja ni vazi la mwenziwe. Na vazi la mtu humkaa mwilini likachukua umbo lake. Likimbana analijua, nalo linajulikana. Aya ya 228 ya sura hiyohiyo imewapa wake mfano wa haki zilizo juu yao kwa wema. Kutokana na aya hii imepokewa kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba alipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake.

Wake wa Masahaba walisema, na walisikilizwa

Mtu anaweza kutuuliza: je, mazungumzo haya si uzushi wa zama hizi? Jibu ni kwamba yalikuwepo tangu zama za Mtume (S.A.W.), ila kwa lugha yake.

Amr bin al-Aas alimwoza mwanawe Abdullah mke wa nasaba njema, kisha akawa anamtembelea mkwewe na kumuuliza hali ya mumewe. Mke yule akamsifu mumewe kuwa ni mtu mwema sana, ila tangu waoane hajakanyaga kitanda chao. Habari ikafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwita Abdullah, akamfundisha kwamba mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, na mkewe ana haki. Kisa hiki kimo katika Bukhari. Kadhalika Salman al-Farisi alipomtembelea nduguye Abu Dardaa, alimkuta Ummu Dardaa amevaa mavazi ya kazi, hakujipamba. Alipomuuliza, alijibu tu kwamba ndugu yake Abu Dardaa hana haja na dunia. Salman akafahamu. Akalala pale, akamzuia mwenyeji wake asisimame usiku kucha, na Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman.

Kilicho wazi zaidi ni kisa cha Kaab bin Sur mbele ya Umar bin al-Khattab (R.A.). Alikuja mwanamke akamsifu mumewe: mchana anafunga, usiku anasali. Umar akamshukuru kwa sifa nzuri alizomsifia mumewe. Mwanamke akaona haya, akaondoka. Kaab akamwambia Umar kwamba yule hakuja kusifu, amekuja kushtaki. Umar akaagiza mume aitwe, akamwachia Kaab ahukumu kwa kuwa ndiye aliyefahamu. Kaab akamhukumia mke siku moja katika kila siku nne, na Umar akapendezwa na ufahamu wake na hukumu yake pia, akamtuma kuwa kadhi wa Basra.

Wanafunzi wetu wamechukua kutoka kisa hiki ile hesabu ya siku nne. Sisi tunaona funzo lililo kubwa zaidi limeachwa. Umar, pamoja na elimu na uadilifu wake, alisikia sifa. Kaab alisikia mashtaka. Mwanamke alikuwa amesema kila kitu kwa maneno ambayo haya yake iliyaruhusu, na haki yake ilitegemea kama yupo mtu wa kusikia. Wangapi leo wanakuja kwa maimamu wao wakisema mume wangu ni mtu wa safari sana, au mume wangu siku hizi analala sebuleni na simu yake, nao wanaambiwa wamshukuru Mungu kwa kuwa wana mume?

Tena wapo waliosema waziwazi. Mke aliyeachwa na Rifaa kisha akaolewa na Abdurrahman bin az-Zabir alikuja kwa Mtume (S.A.W.) akaeleza kwa mfano wa pindo la nguo kwamba mume wake mpya hajiwezi. Khalid bin Said, aliyekuwa mlangoni, alitaka akemewe kwa kusema hayo mbele ya Mtume. Mtume (S.A.W.) hakuzidisha juu ya kutabasamu, kisha akalijibu suala lake. Na katika riwaya nyingine ya Bukhari, mume naye alifika akiwa na wanawe wawili wa mke mwingine, akakanusha, naye akasikilizwa. Tunapata hapa mafunzo mawili: mke hakukemewa kwa kusema, na wala kusema kwake hakukuchukuliwa kuwa ndiyo hukumu. Pande zote mbili zilisikilizwa.

Wala haya hii si ya wanawake peke yao. Umar (R.A.) mwenyewe alipotaka kuuliza juu ya namna ya kumwendea mke, alisema kwa fumbo kwamba ameangamia, ameugeuza mnyama wake wa kupanda usiku. Qur-ani nayo imetumia mavazi, konde, kugusana na kufikiana. Dini imetupa lugha ya staha ili tuweze kusema. Ajabu ni kwamba sisi tumeigeuza staha hiyo kuwa sababu ya kunyamaza.

Tulivyoisoma sisi

Tuangalie sasa mafundisho yetu. Siku ya harusi, nasaha inayorudiwa ni Hadithi ya Malaika wanaomlaani mke anayemkatalia mumewe kitanda, mume akalala na hasira. Hadithi hii ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na haifai kuficha sahihi. Lakini Imam Nawawi, mfafanuzi wa Muslim na nguzo ya madhehebu yetu, ameieleza kuwa ni kwa anayekataa bila ya udhuru wa kisheria. Anayehubiri Hadithi hii bila ya neno la udhuru, na bila ya adabu ya kumi pembeni yake, amewapa watu nusu ya fiqhi. Mume anatoka pale akijua jinsi ya kudai, na mke anatoka akijua jinsi ya kuogopa. Hakuna aliyefundishwa kuuliza.

Fasihi yetu nayo imeelemea upande huohuo. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, ni hazina ya lugha na ya mapenzi ya mama aliyekuwa mgonjwa na kuhisi ajali i karibu. Hatumlaumu, alimuusia binti yake kwa yale aliyoona yatamlinda katika dunia aliyoijua. Lakini tujiulize: uko wapi utenzi mashuhuri kama huo ambao baba alimuusia mwanawe wa kiume namna ya kumridhisha mkewe? Bibi harusi ana somo au kungwi anayemfunda siku nyingi namna ya kumpendeza mume. Bwana harusi anafundwa na vijana wenzake barazani kwa porojo na majigambo. Wanaingia chumbani, mmoja amefundishwa kutoa bila kuomba, mwingine kuchukua bila kuuliza. Ndoa changa hulibeba pengo hilo kwa hamu ya ujana. Baada ya miaka 15, hamu ikipungua, pengo linabaki lenyewe.

Ndoa ya miaka mingi na hukumu zake

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili liwe zito kwa waliokaa pamoja muda mrefu. Fiqhi imempa mke wa mume asiyejiweza njia ya kutoka: kadhi anampa mume mwaka mmoja, kama ilivyopokewa kwa Umar (R.A.), ili misimu yote ya mwaka impitie, huenda maradhi yake yakaondoka. Lakini katika madhehebu yetu, kama ilivyo katika Minhaj ya Nawawi, hiari hiyo ni ya mke ambaye mume hajapata kumwingilia kabisa katika ndoa hiyo. Akishamwingilia hata mara moja, hiari ya faskhi kwa sababu hii imeondoka. Hivyo mke wa miaka 20, ambaye mumewe amepoteza nguvu akiwa na umri wa miaka 50, mlango wake wa sheria ni mwembamba: subira, sulhu au khului.

Wapo wanaoona huu ni ukali. Sisi tunaona sheria imetambua kwamba ndoa iliyokwisha kushika mizizi haiponywi kwa kufutwa haraka, bali kwa wawili kushughulikiana. Lakini basi wajibu wa kushughulikiana uwe wa kweli. Mtu asimfungie mwenziwe mlango wa kadhi kisha akamfungia na mlango wa mazungumzo.

Na mambo ya kuzungumza yapo, mengi yakiwa ya mwili wala si ya moyo. Kisukari na shinikizo la damu hudhoofisha nguvu za mwanamume, na baadhi ya dawa za shinikizo hufanya hivyo pia. Mwanamke akikoma hedhi, mwili wake hupungua unyevu na tendo humuumiza. Anayenyonyesha naye hupatwa na hilo. Mume asiyejua hudhani amechukiwa. Mke asiyeambiwa hudhani pana mwingine. Mume akiona aibu kwenda hospitali hukimbilia vumbi la Kongo na vidonge vya kununua mitaani, na huku baadhi ya vidonge hivyo vikichanganywa na dawa za moyo za aina ya naitreti vinaweza kuua. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kujitibu. Kuficha ugonjwa kwa mke si ushujaa.

Kuna na jambo la makazi na safari. Familia inayolala chumba kimoja na watoto wakubwa haina faragha, na faragha ni haki ya ndoa. Aya ya 58 ya Suratun Nur imewataka watoto wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri na baada ya Isha. Hapa Qur-ani imewatengea wanandoa muda wao hata mchana. Ama wenye kusafiri, mabaharia, madereva wa malori na wanaokwenda kufanya kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, wakumbuke kwamba Umar (R.A.) alipomsikia mke wa mpiganaji akilalamikia upweke usiku, alimuuliza binti yake Hafsa mwanamke hustahimili muda gani, kisha akaweka kikomo kwa majeshi. Riwaya zinatofautiana baina ya miezi 4 na 6. Kiongozi wa dola hakuona haya kuuliza, na aliyeulizwa ni mwanamke.

Siri na haja

Huenda mtu akatupinga kwa Hadithi ya Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri, kwamba miongoni mwa watu waovu zaidi Siku ya Kiyama ni mwenye kuingiliana na mwenziwe kisha akatangaza siri yake. Hadithi hii ni hoja yetu, si hoja dhidi yetu. Inakataza kutoa nje yaliyo ndani; haikukataza wawili wenyewe kuambiana. Na Nawawi anapoifafanua amebainisha kwamba kutaja jambo hili kunapokuwa na haja, kama vile mke kudai kuwa mume hamwendei au hajiwezi, hakuna ubaya. Kwa hiyo daktari, kadhi na msuluhishi hawamo katika katazo. Waliomo ni mume anayejisifia barazani na mke anayewasimulia mashoga zake, na siku hizi wanaopelekeana habari hizo kwa simu.

Tunayoyapendekeza

Kwanza, imamu anayefungisha ndoa amsomee bwana harusi adabu ya kumi yote, faraghani, pamoja na kumfahamisha zipi kati ya riwaya zake ni dhaifu. Na amwambie neno ambalo Ghazali hakuliandika: muulize mkeo.

Pili, wanandoa wa siku nyingi wachague wakati wa kusema. Si kitandani penye hasira, si mbele ya watoto, wala si siku ya ugomvi wa matumizi. Waanze na jema wanaloliona kwa mwenziwe, kama alivyofanya mke wa Abdullah bin Amr, kisha waseme kinachowapungukia, bila ya kumlinganisha mwenzi na mke mwenza wala na mume aliyepita. Na anayeambiwa asijibu kwa aibu iliyojeruhiwa. Aliyeambiwa ameaminiwa.

Tatu, imamu anayeletewa mashtaka asikilize kama Kaab. Asicheke, asiyapeleke barazani, asihukumu kabla ya kusikia upande wa pili. Kila msikiti uwe na mwanamke mwenye elimu na amana, ambaye wanawake watamweleza wasiyoweza kumweleza mwanamume.

Nne, wafundaji, wake kwa waume, wafunde pande zote mbili. Mwari afundishwe kwamba kusema haja yake kwa mumewe si utovu wa haya. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na Ummu Sulaym alipomuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya jambo la siri la wanawake alitanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki.

Imam Ghazali alijua kwamba hakuna mahakama inayoweza kulazimisha jambo hili, ndiyo maana akaliweka katika adabu. Adabu haina askari wa kuisimamia. Inasimamiwa na taqwa, na baina ya wawili inasimamiwa na maneno. Kadhi hamfikii mke anayelala akiutazama ukuta, wala mume anayegeuka upande wa pili kwa sababu anaogopa kushindwa tena. Wanaofikiana ni wao wawili, na umbali baina yao ni dhiraa moja.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) azitengeneze nyumba za Waislamu, azikunjue ndimi zao kwa kheri, na awajaalie waume na wake kuwa vitulizo vya macho kwa wenzi wao. Amin.

Wallahu aalam.